Uzi wa Tatu Ndani ya Kebo

Bi. Adelheid Kächele hakutoa mkono wa salamu mpaka mkaguzi alipomaliza kufuta viatu vyake mlangoni. Kiwanda kilikuwa chake, sakafu ilikuwa yake, na mji mzima wa Hirrlenau ulijua kwamba kila Jumamosi mama huyo huchukua ufagio na kuufagia uwanja wa mbele kwa mikono yake mwenyewe, ingawa alikuwa na uwezo wa kuajiri wafagiaji wa wilaya nzima.

"Umekuja kuniambia kebo yangu imeungua," alisema.

"Nimekuja kukuuliza kama ni yako," alijibu Gerlinde Maute.

Gerlinde alikuwa mkaguzi wa soko wa jimbo. Watu wakilisikia jina la kazi hiyo hudhani ni mambo ya mizani ya wauza viazi. Kazi yake hasa ilikuwa kuhakikisha kwamba kitu kinachoingizwa ndani ya jengo ndicho kile kilichoandikwa juu yake. Siku hiyo mkobani mwake mlikuwa na kipande cha kebo ya kijivu, kilichokatwa kwenye dari la nyumba mpya ya wazee, pale pale Hirrlenau, kabla wazee wenyewe hawajahamia. Fundi umeme aliyekuwa akifunga taa alikuwa na mazoea ya kuchoma ncha ya kila kebo mpya kwa kiberiti cha gesi. Hii ilimtolea moshi mweusi uliomkaba koo, naye hakuwa mtu wa kukaa na kero moyoni. Alipiga simu kabla hajashuka ngazi.

Juu ya ganda la kebo hiyo paliandikwa jina la Kächele, alama ya Ulaya, na daraja la moto: B2ca. Sheria ya Ulaya ya bidhaa za ujenzi inataka kila kebo inayolala ndani ya jengo itangaze daraja lake, kuanzia A ambayo karibu haiungui kabisa hadi F ambayo haiahidi kitu. B2ca ni daraja la heshima. Kebo ya daraja hilo ikishikwa na moto haiusafirishi mbali, na moshi wake ni mdogo, kwa hiyo mzee anayejikongoja na fimbo huwahi kuuona mlango. Mjenzi alitaka B2ca na akailipia. Maabara ilizifunga kebo za roli ile ile, yaani bunda lile lile lililoviringishwa, kwenye ngazi ya chuma, ikawasha moto chini, na moto ukapanda hadi juu kama mwenyeji anayerudi kwake.

Mwanzo wa wiki Gerlinde aliupoteza mjini Ulm, kwa mfanyabiashara wa jumla aliyeapa kwamba roli zilimfikia zikiwa na lakiri ya Kächele. Ghala la bwana huyo lilikuwa shaghalabaghala, na aliwahi kutozwa faini kwa kuuza soketi za bandia. Kiapo chake hakikuwa na uzito.

Sasa majibu yalibaki mawili. Kama kebo ilikuwa bandia, jina la Kächele lilikuwa safi, lakini Gerlinde hangekuwa na njia ya kujua roli nyingine zililala katika kuta za nani. Kama ilikuwa ya kiwanda, cheti chake cha kuuza kebo kingezuiwa siku hiyo hiyo na mashine zingesimama, ila angalau pangekuwa na mtu wa kusema zilikokwenda. Huko zilikokwenda, watu walikuwa wakilala usingizi bila wasiwasi.

Waliketi katika chumba cha mikutano. Mezani palikuwa na kahawa na brezeli, vile vimkate vya chumvi vilivyosokotwa, zilizopakwa siagi. Mlango ulifunguliwa akaingia Torsten Wiebusch, meneja wa mauzo na mume wa binti wa Adelheid. Alikuwa mtu wa Bremen, kaskazini, na wafanyakazi hawakuacha kumtania kwamba brezeli huila kwa kisu na uma.

"Bandia," alisema kabla hajakaa. "Nilimwambia Mama toka jana. Wezi wa majina wametuandama mwaka mzima."

"Kaa kwanza, Torsten," alisema Adelheid. "Moto hauko humu."

Gerlinde alikiweka kipande cha kebo juu ya meza, akakigeuza taratibu kwenye mwanga wa dirisha.

"Angalia hapa, Bi. Kächele. Ganda zima limefifia. Lakini huu mstari ulio chini ya maandishi unang'aa."

Adelheid alivaa miwani. "Pamefutwa."

"Kwa dawa ya kutoa wino. Kisha pakaandikwa upya."

"Kwangu maandishi yanapigwa kebo ikiwa bado ina joto la mashine. Hatufuti. Hatujawahi kuwa na cha kufuta."

"Umesikia mwenyewe," Torsten alimwambia mkaguzi.

"Nimesikia."

Adelheid alisogeza sahani ya brezeli pembeni. "Wewe mtoto wa wapi, Bi. Maute?"

"Tailfingen, kule milimani. Mama yangu alishona fulana kiwandani hadi alipostaafu."

"Basi unajua uzi."

"Tulilelewa nao."

"Vizuri. Wino unafutika, ganda linaigwa, jina linaibwa. Lakini mtengenezaji wa kebo wa nchi hii anayejiheshimu hulaza uzi wake ndani, chini ya ganda, toka mwanzo wa roli hadi mwisho. Rangi zangu ni bluu na nyeupe. Baba yangu aliziandikisha mimi sijazaliwa." Alitoa kisu kidogo mfukoni, akakisukuma mezani kwa mpini. "Kata. Ukiikuta bluu na nyeupe, nitakufungulia milango yote. Usipoikuta, utamaliza kahawa yako uniombe radhi."

Alisema hivyo amenyoosha mgongo, na hakukuwa na maringo ya bure katika maneno yake. Ni watu wachache wanaoweza kumpa mpelelezi kisu na kumwambia apasue kazi yao aione ndani. Gerlinde alimpenda kwa hilo, hata kama kazi yake haikumruhusu kusema.

Alichana ganda kwa urefu, akalifungua kama anavyofunguliwa samaki. Kando ya nyaya ulilala uzi, umesokotwa vizuri. Aliung'oa kwa kucha, akaunyoosha juu ya kitambaa cheupe cha meza.

Bluu. Nyeupe. Na nyeusi.

Torsten alipiga kofi mezani vikombe vikaruka. "Nyeusi! Umeona? Yetu haina nyeusi! Mjinga kaiga akapitiliza. Mkaguzi, umetusafisha kwa mkono wako mwenyewe."

Gerlinde hakumtazama yeye. Alimtazama Adelheid, ambaye alikuwa ameokota chembe ya chumvi ya brezeli kwenye kitambaa na kuishika baina ya vidole viwili, kana kwamba haioni pa kuitupa.

"Bi. Kächele?"

"Rangi zilizoandikishwa ni bluu na nyeupe," Adelheid alisema polepole. "Hilo ni kweli."

"Kwa hiyo hii si yako."

"Nimesema rangi zilizoandikishwa."

"Mama amechoka," alisema Torsten. "Andika bandia, dada, twende kazini."

Katika kazi yake Gerlinde alikuwa amesikia uongo wa kila namna. Uliomtia shaka kuliko wote haukuwa uongo kabisa. Ni pale mtu anapochagua kweli moja na kuisimamisha mlangoni ili isionekane nyingine iliyoko nyuma yake.

"Kabla sijaandika, naomba nione mnavyoutia uzi."

"Ya nini tena? Kesi imekwisha."

"Bwana Wiebusch, sisi watu wa milimani hatupendi safari ya bure. Nimeshalipia mafuta ya gari."

Mdomo wa Adelheid ulitikisika kidogo, ukataka kucheka, ukaacha. "Mpeleke," alisema. "Mimi nitabaki hapa."

Ukumbi wa mashine ulikuwa safi kuliko jiko la watu wengi. Fundi mkuu, mzee Gotthilf Ruoff, alikuwa amesimama kwenye mashine ambapo nyaya za shaba zilizokwishavikwa rangi huingia pamoja na kutoka upande wa pili zimevaa ganda. Hakusimamisha mashine kwa ajili ya mgeni. Alivuta tu kofia yake.

Kando ya mdomo wa mashine palikuwa na stendi ya chuma yenye vigingi. Rili ya uzi wa bluu ilikuwa kwenye kigingi cha kwanza, ya uzi mweupe kwenye cha pili. Cha tatu kilikuwa kitupu.

"Fundi, hiki cha tatu ni cha nini?" Gerlinde aliuliza.

"Cha kutundikia."

"Kutundikia nini?"

"Kitu cha kutundikwa."

Torsten alicheka. Gerlinde aliinama. Kigingi kilikuwa kimelika pale rili inapozungukia, sawa na wenzake wawili. Na kwenye tundu dogo ambalo uzi hupitia kuelekea mashineni, mlikuwa na vumbi jeusi la nyuzinyuzi, lililoganda kwenye mafuta ya siku nyingi. Mama yake alikuwa akirudi nyumbani na vumbi la namna hiyo kwenye nyusi, la rangi ya fulana za siku hiyo.

"Hapa umepita uzi mweusi," alisema.

Ruoff alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mkaguzi, mimi nimeajiriwa kutengeneza kebo, na nazitengeneza vizuri. Yapo mambo ambayo husemwa na mwenye nyumba."

"Sikukuomba useme uongo."

"Ndiyo maana sikujibu."

Lakini macho yake yaliruka ukutani, juu ya stendi, yakashuka upesi. Gerlinde aliyafuata. Palitundikwa picha ya mzee mwenye masharubu na koti la kazi, Gottlob Kächele, mwanzilishi. Kwenye pembe ya fremu, mahali ambapo watu huweka utepe mweusi wa msiba, palikuwa pamezungushwa uzi uliosokotwa. Bluu, nyeupe, nyeusi. Chini yake uliandikwa mwaka wa kifo, na huo ulikuwa mwaka wa mwisho kabla sheria ya madaraja ya moto haijaanza kuzibana kebo.

Alimgeukia Torsten, akiwa na sauti ya mtu anayepiga soga tu.

"Mzee ulimkuta?"

"Kwa bahati mbaya, hapana. Nilioa mwaka wa pili baada ya msiba. Wanasema alikuwa moto wa kuotea mbali."

"Picha nzuri."

"Ndiyo, ndiyo. Napita hapa kila siku." Aliitupia jicho kama mtu anavyoitupia jicho saa iliyosimama.

"Kebo mlizotengeneza kabla ya sheria mlizifanyaje? Hazikuwa na daraja lolote, hazikupimwa."

"Lo, nilikuta ghala la nyuma limejaa hadi mlangoni! Hakuna aliyethubutu kuligusa. Mimi ndiye niliyelisafisha, uliza yeyote." Alivuta kifua mbele. "Sasa ni safi, tunaegesha magari."

"Ulizitupa?"

"Huku? Utupe kitu mbele ya Mama? Yule hutunza hata kamba ya kufungia zawadi." Alicheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Zilikwenda kwa mnunuzi wa chakavu. Kwa ajili ya shaba."

"Anaitwa nani?"

"Sikumbuki."

"Meneja wa mauzo amemsahau mteja aliyebeba ghala zima?"

Ruoff, aliyekuwa ameinamia mashine yake, aliinua kichwa na kumtazama mkwe wa mwenye kiwanda. Alimtazama kwa muda mrefu.

Walirudi chumbani. Adelheid hakuwa ametoka kwenye kiti chake. Uzi ulikuwa pale pale mezani, kahawa ilikuwa imepoa. Ruoff aliwafuata bila kuitwa, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Nitasema ninavyoona," alisema Gerlinde, "na mwenye kusahihisha asahihishe. Mwizi wa jina huiga, haongezi. Angetaka kuiga uzi wenu angeweka rangi mbili zinazojulikana, au asingeweka kabisa, maana uzi ni gharama na mnunuzi hauoni. Wa tatu haukuandikishwa popote. Nje ya kiwanda hiki hakuna aliyejua kwamba kuna wa kuigwa."

"Dhana tu," alisema Torsten.

"Subiri. Kebo hii ilitoka kwenye mashine ya mzee Ruoff mwaka wa msiba, ikiwa na maandishi ya zamani. Haikupata daraja kwa sababu haikupimwa. Ikakaa ghalani. Halafu mtu akafuta wino wa zamani, akapiga mpya, na daraja la B2ca juu yake. Mtu huyo alikuwa na ufunguo wa ghala na alikuwa na lakiri ya kiwanda. Lakini hakujua kilicholala chini ya ganda, kwa sababu siku mnamzika mzee yeye hakuwepo. Ndiyo maana alipouona uzi mweusi alipiga kofi mezani kwa furaha."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Torsten ilikuwa imemfikisha kwenye meza ya mama mkwe wake.

Gerlinde alimgeukia Adelheid. "Sitakuficha kitu, Bi. Kächele. Hili linaweza kupingwa. Rangi nyeusi haimo kwenye daftari la serikali. Ukisema si yako, nitalazimika kupeleka nyuzi maabara zilinganishwe, na mawakili wako watavuta miezi. Katika miezi hiyo jina lako litabaki safi. Na kebo zitabaki kwenye kuta, nami sitajua kuta zipi."

"Mama," Torsten alisema kwa sauti ya chini, "nusu ya mji huu inakula hapa. Baba zao walikula hapa. Sema neno moja tu. Bandia. Zile nyingine nitazifuatilia mimi kimya kimya."

"Kimya kimya," Adelheid alirudia.

Aliuchukua uzi. Aliusokotoa kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, ukaachana, rangi tatu zikawa nyuzi tatu.

"Baba aliona maua ya maziko ni hasara," alisema. Alikuwa anazungumza na mkaguzi, wengine hakuwaangalia. "Alikuwa akisema, maua leo, takataka kesho. Kwa hiyo sikununua hata ua moja. Nilimwambia Ruoff aongeze kigingi. Nikasema mwaka mzima kila mita itakayotoka hapa itamlilia Gottlob Kächele, na hakuna atakayejua ila sisi." Alizilaza nyuzi tatu juu ya kitambaa. "Ruoff alilia siku tulipoutia. Akasema ni mafuta yamemwingia machoni."

"Yalikuwa mafuta," alisema Ruoff mlangoni.

"Mama, unajua unachokisema?"

"Mimi najua. Wewe ndiye hukujua ulichokuwa unakiuza." Sasa alimgeukia. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo Torsten alipoanza kurudi nyuma kwenye kiti. "Nilikwambia ulisafishe ghala lile na usitupe kitu, maana akiba haiozi. Sikukuuliza ulikozipeleka kebo. Nilifurahi kuona limekuwa tupu, nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na nitalibeba. Lakini kebo ya baba yangu ilikuwa kebo ya haki ya wakati wake. Haikuahidi kitu isichokiweza. Wewe ndiye uliyeivisha uongo ukaipeleka ikalale juu ya vichwa vya wazee. Mle atalala dada yake Ruoff. Mle nitalala mimi nikiishiwa miguu!"

"Nilitaka kukupunguzia hasara."

"Nani alikwambia mimi siwezi kubeba hasara?"

Sauti ya mashine ilisikika kupitia ukuta, sawasawa, bila haraka.

"Unataka nimkane baba yangu mbele ya mgeni," alisema Adelheid, "nimwite bandia, ili nikusitiri wewe. Hapana, kijana wangu. Sema roli nyingine ziko wapi."

Torsten alitazama dirisha. "Kuna shule moja, mjini Göppingen. Na bweni la wauguzi."

"Na?"

"Na hoteli ndogo. Basi. Naapa ni hizo."

"Usiape. Utaziandika zote, na mtaa, na jina la aliyepokea, na mkaguzi hatoki humu mpaka atosheke." Aligeuza kichwa. "Ruoff."

"Nipo."

"Zima mashine."

Mzee alisita. Alikuwa ameianza kazi asubuhi ile kama asubuhi zote, na roli ilikuwa imefika nusu. "Zote?"

"Zote. Wapange watu kwa makundi, wachukue ngazi na koleo. Tunaanza na nyumba ya wazee, kisha shule. Kila mita tutaing'oa sisi wenyewe na kuweka nyingine, iliyopimwa. Asiyetaka aende nyumbani, simlaumu."

"Hakuna atakayekwenda nyumbani," alisema Ruoff, akavaa kofia.

Muda si mrefu ukuta ulinyamaza. Ulikuwa ukimya mzito, wa kiwanda kisichozoea kunyamaza siku ya kazi, na Torsten aliinamisha uso kwenye viganja vyake. Gerlinde alitoa taarifa yake mkobani. Alikuwa amekuja kumkamata mwongo, akamkamata, lakini aliyekuwa mbele yake sasa, akipoteza kila kitu kwa mgongo ulionyooka, alikuwa mwanamke ambaye angejivuna kumwita shangazi.

"Cheti kinazuiwa kuanzia sasa, Bi. Kächele. Sina namna."

"Ungekuwa na namna ningekudharau."

"Sehemu ya mtengenezaji niliiacha wazi, kwa sababu nilikuwa sijui." Aliinua kalamu. "Niandike nani?"

Adelheid alisimama. Alikung'uta makombo ya brezeli kwenye sketi yake, akaitia miwani mfukoni.

"Andika Kächele," alisema. "Na uandike kubwa, wasome hata waliosimama mbali."